Jina la Juaaka

Bolette alipomwita mwanawe kwa jina, mtoto hakumtazama. Aligeuka akatazama dirishani.

Mara ya kwanza Bolette alicheka. Mtoto ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika viti, na watoto wa umri ule wana vituko vyao. Akamwita tena, "Juaaka!" Shingo ikageuka kwenye kioo kile kile cha dirisha, ambako hapakuwa na cha kutazama. Ulikuwa mchana wa majira ya giza, jua lilishaaga zamani, na nje kulikuwa na theluji na taa ya jirani basi.

"Kaka, mimi niko huku," akamtania.

Alimwita kaka kwa sababu ndiye kaka yake. Pale kijijini Nuuaarsuk mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu amerudi nyumbani, na hata mama mzazi humwita vile alivyomwita marehemu. Siku ya ubatizo, kwenye karamu ya kahawa, wazee walimshika kichanga mkono wakamwuliza habari za mawindo. Bolette alilia kwa furaha. Alikuwa amezika jeneza la kaka yake lenye glavu moja tu ndani yake, na sasa alikuwa na kaka mzima mapajani.

Baada ya dirisha wakaja mbwa. Mbwa wa Nuuaarsuk hawana adabu, humbwekea hata padri, lakini sasa kila jioni walinyamaza ghafla wote kwa pamoja, na katika ukimya ule mtu alipiga mluzi chini ya dirisha. Mluzi mmoja, mrefu. Kisha nyumba ikajaa harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni za porini, harufu ya bondeni wakati wa kiangazi, ilhali nje mate yaliganda kabla ya kufika chini. Na kila mluzi ulipolia, mtoto alizidi kupoa. Alianza kulikataa ziwa.

"Umesikia?" Bolette alimnong'oneza mumewe.

"Upepo," Enok akasema, akiendelea kukata nyama ya sili wa baharini.

"Upepo gani huo unaosimama kuvuta pumzi?"

"Bolette, nimetoka kazini. Niache nile."

Kazi yenyewe ilikuwa ya mgodi. Kiangazi Enok aliiendesha mashua ya kampuni. Ghuba ikiganda, alilinda ghala la baruti. Alikuwa na tabia ya kugonga ulimi kaakaani mara mbili akiwa na wasiwasi, kama anavyowaita mbwa wake, na jioni ile aliugonga hata akiwa na nyama mdomoni.

Mgodi ule ndio uliomla Juaaka. Kampuni ilipokuja kuomba bonde, watu waliitwa ukumbini kuinua mikono. Waliotaka mgodi hawakuwa wajinga. Kiwanda cha samaki kilikuwa kimefungwa, shule ilikuwa inafuata, na vijana walikuwa wanaondoka na kila meli. Lakini bondeni ndiko kulungu wanakozalia, na Juaaka aliyajua mapito yao yote. "Ukikanyaga majani yale leo," alisema, "mjukuu wako ataikuta alama ya kiatu chako. Sasa wekeni mashine juu yake." Usiku wa kuamkia kura alikaa mezani kwa dada yake, na Enok akamshika bega: "Shemeji, mkono wangu ni wako. Lala usingizi."

Kesho yake mkono wa Enok uliinuka upande wa kampuni. Upande ule ulishinda kwa mkono mmoja.

Juaaka hakugomba. Alichukua bunduki akapanda mlimani bila kumuaga hata dada yake. Na mtu aliyesalitiwa na jamaa zake, akawapa watu mgongo akaingia milimani, haitwi tena mtu. Huitwa qivittoq. Hula vibichi, hukimbia kama kulungu, hafi kama wanavyokufa watu, na hurudi kupiga mluzi madirishani mwa waliomtupa. Neno lile halisemwi kwa sauti mbele ya watoto. Majira ya baridi yote Bolette alilala nalo kifuani, mpaka masika Enok aliporudi na glavu ya ngozi ya sili, aliyoishona Bolette kwa mkono wake, akasema ameiokota ukingoni mwa barafu. Bahari imemchukua. Bolette alimshukuru mumewe kwa habari ile. Kaburi lina uchungu wake, lakini lina mwisho.

Sasa, jioni moja baada ya mluzi, alifungua mlango kumwaga maji machafu, akaona kitu kwenye kitasa. Ilikuwa glavu. Mwenzi wa ile aliyoizika. Aliitia mkono bila kufikiri.

Ndani ilikuwa na joto la kiganja cha mtu.

Alimwita Bibi Tobiasine, mkunga aliyewapa majina watoto wote wa pale. Bibi alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia, akamgusa mtoto miguu, akaishika glavu, akakaa chini.

"Nani aliniambia Juaaka amekufa?" aliuliza polepole.

Bolette alimtazama mumewe.

"Jina haliishi katika miili miwili," Bibi akasema. "Mwenyewe yu hai na analivuta lirudi kwake. Mwanao anaondoka nalo, binti yangu. Tumemvisha nguo ya mtu ambaye bado ameivaa."

"Enok," Bolette akasema. "Glavu ile ya kwanza uliikuta wapi?"

Akaugonga ulimi. Mara mbili.

"Enok!"

"Alikuwa bondeni," Enok akasema, sauti imekauka. "Hai. Amekonda, anatetemeka, lakini hai. Aliingia mashuani akalia kama mtoto. Akasema nimrudishe nyumbani, amechoka kukasirika. Kisha akasema akifika atawaleta watu wa serikali wawaone kulungu wakizaa, na mgodi utafungwa kabla haujafunguliwa. Nikafikiria shule. Nikakufikiria wewe, tumbo limeshakujaa. Nikamwambia mafuta hayatoshi kubeba wawili, ashuke anisubiri, nitakwenda kuleta mengine. Alisahau glavu moja mashuani."

"Ukarudi?"

Enok aliitazama glavu mkononi mwa Bibi.

Bolette hakulia. Alihisi tu kwamba kitu alichokuwa akikiegemea miaka yote hiyo kilikuwa kimetolewa zamani, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Alikuwa amempikia mtu huyu. Alikuwa amemshukuru!

"Nimpe mtoto jina jingine," alimwambia Bibi. "La marehemu yeyote."

"La nani? Mwaka huu hakufa mtu. Waliotangulia wote wameshapata watoto wao. Na kitoto kisicho na jina hakifiki asubuhi."

Mbwa wakanyamaza.

Harufu ya majani mabichi ikaingia chini ya mlango, nzito kuliko siku zote, na taa ikapungua bila kuguswa, na wote watatu wakasikia theluji ikilia chini ya nyayo zilizokuwa zikija polepole kutoka upande wa mlima, zikapita ukutani, zikapita dirishani ambako mtoto alikuwa amekodoa macho bila kupepesa, zikafika kizingitini zikasimama. Hapakuwa na mluzi safari hii. Ilikuja sauti, ngumu, ya koo lililosahau maneno.

"Enok. Umeleta mafuta?"

Bibi Tobiasine aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka buluu.

"Usifungue," Enok alinong'ona. "Bolette, nakuomba. Nilifanya kwa ajili yetu. Kwa ajili ya huyo."

Bolette aliangusha macho kwa mtoto, akayainua kwa mumewe. Kisha akalichukua koti la Enok msumarini, akalichukua na dumu la mafuta lililokaa pembeni mwa jiko, akampa vyote viwili mikononi.

"Mashua imeshikwa na barafu," Enok akasema.

"Utakwenda kwa miguu. Ulimwambia akusubiri."

Alimtazama mkewe kama anayengoja kuambiwa ni mzaha. Akavaa koti. Mlango ulifunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa. Nyayo za watu wawili zilielekea mlimani. Dumu liligongagonga kwa mbali, likagongagonga, halafu halikusikika tena.

Wanawake wawili walikaa na mtoto katikati, wakimsugua miguu. Harufu ilikwisha. Huko mgodini baruti ililipuka kwa wakati wake kama kila siku, vikombe vikatetemeka kabatini. Bolette aliuma meno. Bado alimpenda mwanamume yule, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kisha miguu ya mtoto ikaanza kupata joto. Midomo ikarudia rangi yake. Akafungua kinywa, akaugonga ulimi. Mara mbili.

Bibi Tobiasine alivua kitambaa chake kichwani, taratibu, kama afanyavyo msibani.

"Mwite," akasema.

Bolette alimwinamia mtoto.

"Enok?"

Mtoto hakutazama dirishani. Alimgeukia yeye, akacheka, akanyoosha mikono.

"Njoo," Bolette akasema, machozi yakimdondoka kidevuni. "Njoo, mume wangu."