Sauti Iliyofutwa Kwenye MP3 ya Maduhu

"Elfu tatu nimelipa, nyimbo hamna!" Mfugaji Maduhu aligonga meza ya rafiki yangu Shadrack, aliyekuwa akiingizia watu nyimbo kwa kompyuta pale Tunduma.

"Mzee, MP3 yako ilijaa takataka. Nimeyafuta yote, sasa nyimbo zitaingia."

"Takataka? Ile ni sauti ya marehemu baba akiita ng'ombe! Nani alikutuma?"

Kweli Shadrack hakuuliza kabla ya kufuta. Mafundi wengi hufuta kwanza, na mimi huo nauita wizi. Shadrack alisonya tu, akaingiza nyimbo upya. Kompyuta ikaonyesha zimeingia. Akachomoa waya wa kompyuta, akavaa hedifoni za ile MP3: hamna wimbo hata mmoja, ni kengele za ng'ombe, kwa mbali.

Umeme ukakatika. Kibanda cha mabati hakikuwa na dirisha, na nje usiku ulishaingia. Giza likawa totoro. Akavua hedifoni, lakini kengele ziliendelea kulia, sasa nyuma ya kiti chake.

"Mzee, njoo uchomoe betri ya MP3 yako!" Shadrack akapiga kelele.

"Betri ninayo mfukoni tangu nilipokukabidhi hiyo MP3," Maduhu akajibu kutoka mlangoni.

Kengele zikanyamaza. Sikioni mwa Shadrack, mzee mwingine akasema taratibu:

"Shadrack. Nirudishie sauti yangu."