Piga Mara Mbili

"Wewe dada, una shida gani na mtoto wangu?"

Gladness Shimba alishtuka. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya dagaa katika soko la Mkuyuni, sketi ya bluu, raba nyeupe, akimkodolea macho mtoto wa miaka miwili aliyekataa kata kata kuvishwa kandambili. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ustawi wa jamii katika chuo kimoja upande wa Nyegezi. Mwalimu wake, Obedi, aliwatuma wakatazame hatua za kukua kwa binadamu, tangu kunyonya hadi uzee. Hakuwaambia waombe ruhusa kwa mama wa watu. Ndivyo tulivyozoeshwa miaka yote: maskini hutazamwa, haombwi ruhusa.

"Mwizi wa watoto huyo!" akadakia muuza nyanya.

Watu wakajaa. Mkono ukamkamata kola.

"Mwacheni, ni shemeji yangu!" Kijana mrefu mwenye ovaroli iliyolowa oili alijipenyeza. "Hajapata wa kwake, ndiyo maana anatamani wa watu."

Kicheko kikapasuka, na mkono ukaachia.

"Shemeji yako tangu lini?" Gladness aliuliza walipofika nje.

"Tangu ulipokamatwa kola. Ulitaka niseme mke wangu?"

"Ningekataa."

"Wangekupiga."

"Basi ningekubali."

Aliitwa Odoyo, fundi wa injini za mitumbwi kule Igogo. Jioni hiyo Gladness aliipiga namba aliyompa. Simu ikaita mpaka ikakatika. Alipopiga tena, ikapokelewa papo hapo.

"Ile ya kwanza ulikuwa unaitazama tu, fundi?"

"Ndiyo."

"Maringo hayo!"

"Si maringo, mama. Nimelelewa kituo cha watoto yatima. Wageni walikuja, wakatubeba, wakapiga picha na sisi, wakasema watarudi. Nikajifunza kwamba anayekutaka kweli atakutafuta mara ya pili. Sijawahi kumwambia mtu."

"Na mimi nitamwambia nani, kipenzi?"

Aliliambia darasa zima.

Miezi ilikuwa imepita, na sasa ilikuwa wiki ya posa. Jumamosi Odoyo angekwenda kwa baba mdogo wa Gladness, Ngosha, akisemewa na fundi mkuu wake, mzee Otuoma, kwa kuwa baba wa kumsemea hakuwa naye. Jumanne, kwa furaha tu, alivaa shati jeupe, akafunga sato wa kukaanga na kumpelekea mchumba wake chuoni. Alipofika kwenye dirisha la darasa aliisikia sauti anayoipenda.

"Mfano wangu ni kijana wa miaka ishirini na minane. Utotoni hakuwa na mtu wa kudumu wa kumbeba, hivyo hatua yake ya kwanza, ya kujifunza kuamini, ilivunjika. Mpaka leo hapokei simu isipopigwa mara ya pili."

Darasa likacheka.

"Mtu wa namna hiyo ataweza ndoa?" Obedi akauliza.

Gladness alisita. "Kwa mujibu wa nadharia, ni vigumu."

Gladness alipotoka alimkuta samaki juu ya kizingiti cha dirisha, bado ana joto. Mwenyewe hayupo. Alipiga simu. Akapiga tena. Ya pili nayo ikaita mpaka ikakatika.

Alhamisi alishuka Igogo.

"Shikamoo, mzee Otuoma."

"Marahaba, mwanangu. Bwana harusi yupo, ila anaongea na injini tu."

Odoyo hakuinua kichwa. "Nenda katafute mwingine wa kumtazama. Mimi umeshanimaliza."

"Sikutaja jina."

"Simu ni yangu, Gladness. Hata bila jina, simu ni yangu."

Gladness akageuka, akapanda juu ya kreti la soda.

"Jamani mafundi! Mnanisikia? Nimemwanika mwenzenu mbele ya watu. Sasa na mimi nianikwe. Nilinyonya kidole mpaka darasa la saba!"

"Weee!"

"Bibi akakipaka pilipili. Nikazoea pilipili."

Mafundi wakashika mbavu. Odoyo akakaza midomo asicheke. Sauti ya Gladness ikashuka.

"Mama aliniacha kwa bibi kule Magu kabla sijaota jino, akaenda Dar. Mpaka leo mtu akichelewa tu, nafungasha begi, nimwache kabla hajaniacha. Mwalimu alipouliza habari ya ndoa nikasema ni vigumu. Sikukufikiria wewe, Odoyo. Nilijifikiria mimi, ila nikakutanguliza wewe."

Spana ikatulia mkononi mwa Odoyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Siku zote muulizaji nilikuwa mimi."

Mzee Otuoma akakohoa. "Na hiyo nadharia yenu inaishiaje?"

"Inasema kilichovunjika utotoni chaweza kuungwa ukubwani, akipatikana mtu wa kudumu. Hapo sikufika. Muda uliisha."

Muda! Tangu nipate akili sijaona siku muda huo ukitosha. Makosa yetu husomwa yote mpaka nukta. Ikifika zamu ya tumaini, kengele inalia.

"Umenisikia?" Gladness aliuliza.

"Nimekusikia. Nenda nyumbani." Odoyo akarudi kwenye injini yake.

Jumamosi shangazi Dorotea alipika, viti vikapangwa, saa ya wageni ikafika, ikapita. Ngosha alizunguka uani mikono nyuma. Chumbani, Gladness alikaa na gauni lake la kitenge cha kijani. Chini ya miguu yake palikuwa na begi, limefungwa. Aliinuka, akalishika mpini. Kisha akaishika simu.

Atapiga mara moja tu. Isipopokelewa, anatoka kwa mlango wa nyuma.

Akabonyeza. Mlio wa kwanza haukumalizika.

"Haloo."

Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Odoyo? Umepokea?"

"Nimepokea. Tuko hapa kwa muuza mkaa, jirani na kwenu. Tumesimama muda mrefu mpaka mzee Otuoma amenitukana kwa Kijaluo. Naogopa, Gladi."

"Mimi nimefungasha begi."

Upepo wa ziwa ukavuma ndani ya simu.

"Lifungue," Odoyo akasema. "Usikate. Nataka nisikie."

Gladness akaiweka simu kitandani, akapiga magoti. Zipu ikalia taratibu, kutoka upande huu mpaka upande ule.

Uani, Ngosha akasikia hodi ya mzee Otuoma.