Tone la Mafuta Kwenye Breki

Mzee Futi alikuwa fundi cherehani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu futikamba haikutoka shingoni mwake. Mkewe alisema hata siku ya kuzikwa ataomba azikwe nayo. Kila asubuhi, kabla hajashona kitu, alikitia cherehani chake mafuta. Tone moja hapa, tone moja pale. Kisha alizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Cherehani kikinyamaza, naye alianza kazi.

"Chuma kikilia kina kiu," alipenda kusema.

Alikuwa ameyasema hayo miaka thelathini na miwili, na hakuna aliyembishia.

Nyumba yake ilikuwa mlimani, pale barabara ya changarawe inapoanza kuteremka. Ilikuwa na vyumba vitatu. Alikaa na mkewe na mabinti zake wawili. Binti mkubwa alikuwa mpeleka dawa. Alichukua dawa kwenye duka la jirani, akazifunga kwenye boksi nyuma ya baiskeli, akateremka nazo bondeni. Huko walikuwepo wagonjwa wasioweza kuupanda mlima: wenye presha, wenye sukari, wenye pumu. Baiskeli yake ilikuwa ya milimani kweli, yenye tairi pana za meno. Mvua inyeshe, jua liwake, wagonjwa walijua atafika.

Kasoro ilikuwa moja tu. Breki zake zilipiga kelele. Kila alipokaribia kona yenye ukuta wa mawe, mlima mzima ulimsikia.

"Haya, mbuzi wa dawa huyo anapita!" majirani walitania.

Jioni moja, wakiwa mezani, binti alisema, "Baba, hizi breki zinanitia aibu. Leo mgonjwa kaniuliza kama nimechinja mtu njiani."

Wote walicheka. Mzee Futi naye alicheka, lakini neno lile alilibeba moyoni. Mzazi gani anapenda mwanawe aone aibu?

Asubuhi yake, binti akiwa bado anakunywa chai, mzee alitoka uani na kichupa chake cha mafuta. Alianza na mnyororo. Hapo hakukosea. Kisha akaenda kwenye breki. Alitia matone mawili kwenye kila raba, yaani vile vipande vya mpira vinavyobana gurudumu. Alizungusha magurudumu ili mafuta yaenee. Alifuta kwa kitambaa safi mpaka chuma kikang'aa. Akabana breki kidogo. Kimya kabisa! Hakumwambia binti neno. Alitaka agundue mwenyewe huko njiani, afurahi.

"Haya, Baba, mimi natoka," binti alisema, akifunga mkanda wa helmeti kidevuni.

"Nenda salama, mwanangu."

Mzee aliketi kwenye cherehani, akatega sikio. Binti aliteremka. Alifika karibu na kona. Breki hazikulia. Mzee alitabasamu, akachukua uzi autunge kwenye sindano. Hajamaliza kuutunga, alisikia watu wanapiga mayowe.

Binti yake alikuwa amegonga ukuta wa mawe.

Helmeti ilipasuka, lakini kichwa kilipona. Goti la kulia ndilo lililovunjika vipande vipande. Hospitali walifanya waliloweza. Daktari aliwaita wazazi pembeni akawaambia ukweli: mfupa utaunga, ila goti halitakunjika tena.

Watu hawakosi maneno. Mwenye duka la dawa alikuja kumwona mgonjwa, akatikisa kichwa. "Nilimwonya apunguze mwendo. Haraka haraka haina baraka." Majirani nao wakasema hivyohivyo. Baada ya wiki mbili, kila mtu mlimani alijua kwamba mpeleka dawa alikuwa mzembe.

Hata yeye aliamini. "Nilibana breki, Baba," alisema akiwa kitandani. "Lakini nadhani nilichelewa. Kosa ni langu mwenyewe."

"Pole, mwanangu," alijibu mzee, akamfunika shuka. Wala hakuwa anaficha kitu. Kichupa cha mafuta hakikumjia akilini hata kidogo.

Wiki ya sita, binti mkubwa alirudi nyumbani na magongo mawili. Huku nyuma wagonjwa wa bondeni walikuwa wanateseka. Bibi mmoja mwenye pumu alikaa siku nne bila dawa, na mtoto wake alipofika akamkuta hawezi hata kusema. Kitinda mimba wa Mzee Futi, msichana wa miaka ishirini na moja, akasema kazi ile ataishika yeye.

"Basi baiskeli itengenezwe kwanza," mama yake alisema. Sauti yake ilikuwa ya hofu.

Mzee aliisukuma baiskeli mpaka kwa Mama Spoku, jirani yao, fundi wa baiskeli. Mama huyu alikuwa na karakana ndogo ya mabati, mikono myeusi kwa grisi, na mdomo usiomwogopa mtu. Aliitundika baiskeli kwenye ndoano, akanyoosha gurudumu lililopinda. Kisha akaigusa raba ya breki. Alisugua vidole, akavinusa.

"Mzee, nani katia mafuta hapa?"

"Ni mimi," Mzee Futi alijibu, na alijibu kwa kujivuna kidogo. "Zilikuwa zinalia sana."

Mama Spoku aliweka spana chini. "Lini?"

"Asubuhi ileile ya..." Mzee hakumaliza.

"Keti, mzee wangu."

"Nitasimama."

"Nimesema keti."

Mzee akaketi juu ya ndoo. Mama Spoku alilizungusha gurudumu kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu liliendelea kuzunguka, taratibu, bila kelele, kana kwamba hakuna aliyelishika. Kisha akafungua raba zile, akazitupa. Aliisafisha rimu, kile chuma cha duara kinachobeba tairi, kwa maji ya moto na sabuni, halafu akaifuta kwa spiriti. Akafunga raba mpya. Alizungusha tena, akabana. Gurudumu lilisimama papo hapo.

"Umeona? Cherehani kinataka kuteleza, ndiyo maana unakitia mafuta. Breki haitaki kuteleza. Kazi yake ni kung'ang'ania. Ukiitia mafuta umeiua."

"Mbona nilibana nikaona iko sawa?"

"Ulibana breki baiskeli ikiwa imesimama. Hapo breki yoyote utaiona nzima."

Mzee alitazama sakafu. "Yeye anasema alichelewa kubana."

"Hata angebana tangu mlangoni kwenu, isingeshika."

Mzee Futi alitaka kulia, na alitaka kukimbia, na hakuweza kufanya hata kimoja. Mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Mama Spoku, nakuomba jambo hili libaki hapa."

"Mimi sina la kumwambia mtu," Mama Spoku alijibu. "Lakini huyo mdogo anateremka Jumatatu. Na amekulia mbele ya kichupa chako. Fikiria hilo."

Mzee alirudi nyumbani na baiskeli, akanyamaza. Alinyamaza Jumamosi. Alinyamaza Jumapili. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni mgongo.

Jumatatu asubuhi alitoka uani, akamkuta kitinda mimba amechuchumaa kando ya baiskeli. Mkononi alishika kichupa cha mafuta. Ncha yake ilikuwa karibu kabisa na raba mpya.

"Usitie!" mzee alipiga kelele.

Binti aliruka, kichupa kikaanguka. "Baba! Umenishtua! Nilijaribu hapa mlangoni, zikalia kidogo."

"Usitie mafuta kwenye breki. Usitie kamwe!"

"Kwa nini? Mbona dada ulimtilia? Nilikuona mimi mwenyewe dirishani."

Binti mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Alisikia kila neno. Mama yao naye alitoka jikoni. Mzee Futi angeweza kusema uongo pale pale, na wangemwamini. Alimtazama binti yake mkubwa, akatazama goti lake.

"Ni kweli nilimtilia," alisema. "Mafuta yalifanya breki zisishike. Hukuchelewa kubana, mwanangu. Hukuwa mzembe. Ni mimi niliyekuvunja mguu."

Mama alijipiga paja, akashika ukuta.

Binti mkubwa aliweka mkono juu ya goti. "Kwa hiyo wiki zote hizi," alisema, "nimejilaumu bure?"

"Bure, mwanangu."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Ijumaa!" Machozi yalimtoka. "Kwa nini hukuniuliza kabla ya kutia, Baba? Kuuliza tu?"

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu wake alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Baada ya siku hiyo, binti mkubwa alimsalimia baba yake "shikamoo" asubuhi, na basi.

Mzee alivaa shati lake la heshima, akaenda kwa mwenye duka la dawa. Alimweleza yote mbele ya wateja. Akapita kwa majirani, nyumba moja baada ya nyingine. Wengine walimwonea huruma. Wengine walimcheka akiwa bado hajafika getini. Alivumilia, kwa sababu jina la mwanawe lilikuwa limechafuliwa bure, na mwenye kulisafisha ni yeye.

Mama Spoku hakumruhusu kitinda mimba ateremke Jumatatu ile. Alikuja mwenyewe mpaka uani.

"Helmeti iko wapi?"

Msichana alileta ile ya dada yake, yenye ufa.

"Hiyo imekwisha kazi. Helmeti ikigongwa mara moja, haifai tena, hata kama ufa hauonekani. Mzee, lete futikamba yako. Mpime kichwa, juu kidogo ya nyusi."

Mzee alipima. "Sentimita hamsini na sita."

"Basi atanunua ya kipimo hicho. Siyo kubwa ati atajazia kitambaa. Ikae sawa juu ya paji la uso, isirudi kisogoni. Kati ya mkanda na kidevu kipite kidole kimoja au viwili. Akitikisa kichwa, isicheze."

"Na breki je?" kitinda mimba aliuliza.

"Kila asubuhi, kabla hujapanda. Bana ya mbele, usukume baiskeli. Gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma, usukume. Gurudumu liburuzike, lisizunguke. Raba ikiliwa mpaka mifereji yake imefutika, badilisha. Tairi nayo ibonyeze, usiteremke na tairi laini."

"Na zikilia?"

"Breki ikilia inaomba kusafishwa. Futa rimu, isugue raba kwa msasa. Ikilia bado, niletee mimi. Mafuta ni ya mnyororo tu, tena kidogo, halafu ufute yanayobaki. Na mlimani upunguze mwendo kabla ya kona. Usisubiri uwe ndani ya kona."

Siku helmeti mpya ilipopatikana, kitinda mimba aliteremka. Familia nzima ilisimama barabarani. Breki zililia kidogo kwenye kona ya ukuta wa mawe. Mama aliposikia ile kelele alisema "Ahsante, Mungu," na hakuna aliyemcheka. Saa sita mchana msichana alirudi na boksi tupu. Wagonjwa wote walikuwa wamepata dawa, na bibi mwenye pumu alikuwa wa kwanza.

Binti mkubwa hakupanda baiskeli tena. Miezi mitatu baadaye aliingia kwenye karakana ya Mama Spoku kujifunza kazi. Alifanya kazi akiwa ameketi, mguu wa kulia umenyooka mbele yake. Alijifunza haraka, na breki za watu alizikagua kwa makini kuliko fundi yeyote. Mwaka ule hakuna mwingine aliyegonga ule ukuta. Mzee Futi alimpelekea chakula kila mchana. Aliweka bakuli, akasimama pembeni. Akinyoosha mkono kugusa baiskeli yoyote, binti alisema, "Acha, Baba." Naye aliacha.

Mchana mmoja alikuja muuza mayai, mgeni mlimani. Baiskeli yake ilipiga kelele tangu mbali.

"Dada, breki hizi zinafukuza wateja," alisema. "Nina haraka. Nipe mafuta kidogo nizipake, nishuke zangu."

Binti aliacha kazi. Aligeuka kumtazama baba yake.

"Baba, mwambie."

Mzee Futi alisogea karibu na muuza mayai. Alisimulia yote: kichupa, kitambaa safi, uzi ambao hakumaliza kuutunga, mayowe.

"Masikini," muuza mayai alisema. "Na huyo binti alipona?"

"Ni mimi," binti alisema, akapiga goti lake kwa kiganja. "Teremsha mayai yako, kaka. Tutazisafisha kwanza."

Muuza mayai alianza kuteremsha trei. Binti aliipindua baiskeli, akachukua msasa. Gurudumu lilikuwa linachezacheza, halikutaka kutulia.

"Baba," alisema, "nishikie hapa."

Mzee Futi alipiga magoti kwenye vumbi, akalishika kwa mikono miwili.