Vidonge Vilivyosagwa

Jumatano, tarehe 9 Julai. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na baridi iliingia hadi ndani ya mifupa. Katika nyumba ya wasaga viungo kazi ilikuwa imekwisha anza. Mama alipepeta pilipili manga, na binti yake wa miaka kumi na miwili alitwanga iliki kinuni. Nyumba ile ilisaga kila kitu. Hata Bibi, ambaye hakuwa na jino hata moja, alisagiwa karanga zake.

Binti huyo aliitwa Mjuaji, na hilo halikuwa jina la sifa. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza darasani, aliwaona watu wengine kama magunia matupu. Aliyemdharau kuliko wote ni mama yake, ambaye alianza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na bado alifuata maneno kwa kidole.

Mama alikuwa na mafua na kikohozi. Jana yake mfamasia alimpa vidonge vya kuzibua pua na kulainisha makohozi. Sasa Mama alifungua karatasi ya maelezo.

"Ki-me-zwe ki-zi-ma..."

"Mama," Mjuaji alicheka, "ukifika mwisho wa mstari, mafua yatakuwa yamepona yenyewe!"

"Cheka tu, mwanangu. Mwenda pole hajikwai."

"Na yule mfamasia, maneno mengi kama kasuku! Dawa ni dawa."

Mama alimwomba Mungu subira, akaiweka karatasi pamoja na vidonge, akaenda kuwapelekea wateja viungo.

Haikupita muda, Bibi akaita kutoka chumbani. "Mjukuu wangu, pua imeziba. Sipati pumzi."

Mjuaji hakumwuliza mtu. Alichukua vidonge viwili vya Mama.

"Vikubwa hivi, vitanikaba," Bibi alisema.

"Bibi nawe! Kwani sisi kazi yetu nini?"

Akavitwanga hadi vikawa unga, akaukoroga katika chai ya Bibi. Alijiona ameshinda madaktari wote. Kweli, hakuna daktari ambaye angethubutu kufanya vile.

Mama aliporudi, alimkuta Bibi ameshika kifua, mikono ikimtetemeka.

"Moyo unanienda mbio," Bibi alinong'ona. "Kichwa kinataka kupasuka."

"Umempa nini?"

"Dawa yako tu, Mama. Nimemsagia."

Mama hakupoteza muda kwa kelele. Alichukua pakiti na karatasi yake, akamwita jirani mwenye gari, na wakamkimbiza Bibi zahanati. Njia nzima midomo ya Mama ilikuwa katika dua. Mjuaji alilia, lakini Bibi alikuwa na presha, na machozi hayashushi presha.

Muuguzi alimpima Bibi, akakunja uso, akamwita daktari mara moja. Baada ya kumhudumia Bibi na kusikia maelezo ya Mama, muuguzi alimgeukia Mjuaji.

"Nani amesaga vidonge hivi?"

"Mimi, shikamoo."

"Darasani unakuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza! Sasa wa mwisho angefanya nini?"

Mjuaji aliinama.

"Kidonge hiki hutoa dawa polepole kwa saa nyingi," muuguzi alisema. "Ukikisaga, yote inaingia mwilini kwa mkupuo. Tena kinabana mishipa ya damu, na bibi yako ana presha. Dawa hii alipewa mama yako, si bibi yako. Ungechelewa kidogo, leo tungezungumza mengine."

"Imeandikwa hapa," Mama alisema, kidole kikiwa juu ya karatasi. "'Mwenye presha asitumie bila kumwuliza daktari.'"

Mjuaji, msomaji hodari, hakuwa amesoma hata neno moja.

Alasiri presha ilishuka. Bibi akaketi kitandani, akanywa maji.

"Elimu isiyouliza ni ujinga uliovaa viatu," muuguzi alimwambia Mjuaji. "Dawa haijui kwamba wewe ni wa kwanza darasani."

"Simama," Bibi akasema. "Sema kwa sauti kwamba hutarudia, hawa wote wasikie."

Mjuaji akasimama mbele ya Bibi, Mama, jirani na muuguzi.

"Naahidi," alisema, "sitampa mtu dawa ya mwingine, wala sitasaga kidonge bila kuambiwa na mtaalamu. Nisipojua, nitauliza. Na nikidhani najua, nitauliza vilevile."