Tumeutoa Wote

Nyumba ile haikuwa na cherehani. Lakini Jumapili mchana, daktari wa upasuaji wa mifupa alipoketi mezani, ilisikika: tiki-tiki-tiki, kimya, kisha tiki-tiki-tiki tena. Mkewe alizima redio. Sauti haikukoma.

"Ni jirani," alisema daktari.

"Jirani gani? Inatoka mgongoni mwako."

Alicheka, akachota kijiko kingine. Shati lake lilinuka mfupa ulioungua na mafuta ya mashine. Harufu ya mfupa mkewe aliizoea, maana alimfulia miaka kumi na minane. Ya mafuta ilikuwa ngeni.

Jioni daktari alishindwa kuinama kufungua viatu. Mkewe akamfunua mgongo, akaona mishono myekundu ikipanda kando ya uti, imenyooka kama pindo la suruali, na hapohapo mbele ya macho yake mshono mwingine ukaongezeka, bila sindano, bila mkono.

"Baba watoto," alinong'ona, "umemfanya nini mtu?"

Ndipo akasema. Aliyempasua alikuwa mwanamke, fundi cherehani, mwenye uvimbe ulioota kwenye pingili ya mgongo. Uvimbe wa aina ile hutolewa mzima pamoja na pingili yake, kazi ya kutwa. Yeye siku ile alikuwa na safari. Akaukatakata, akauchota vipande, vingine akaviacha. Fundi alipozinduka, daktari alimwambia, "Tumeutoa wote, mama." Mwaka haukuisha, akazikwa.

"Nenda kwa mama wa marehemu, kaseme kweli," alisema mkewe.

"Nipoteze kazi? Aliyekufa amekufa."

Hapo kinywa chake kikafunguka chenyewe, midomo isitikisike, na sauti ya mwanamke aliyechoka ikatoka ndani yake, polepole, kama mtu anayeongea huku ameuma pini: "Mimi wateja niliwaambia njoo kesho, njoo keshokutwa, na mmoja akaoa kwa suti ya kuazima kwa sababu yangu, lakini sikuwahi kumwambia mtu nguo imekwisha hali najua kuna kipande nimekiacha."

Hakwenda. Wiki ya pili miguu ilikufa ganzi, na picha za hospitali zikaonyesha uvimbe kwenye pingili ileile. Rafiki yake, daktari mwenzake, akakubali kumpasua.

Mkewe alijiandaa kungoja kutwa. Chai kikombeni haijapoa, rafiki akatoka chumba cha upasuaji, akashusha barakoa.

"Shemeji, ondoa shaka. Tumeutoa wote."

"Mzima, au vipande?"

Rafiki akatazama saa yake.

Nyuma ya mlango, bila haraka, cherehani ikaanza.