Mpira Ulioanguka Katikati

Filimbi ilikuwa imeshalia na treni imeanza kujivuta, magurudumu yakilalamika kama watu walioamshwa mapema, wakati mwanamume mmoja mrefu alipolikimbilia behewa la tatu. Shati jeupe limemganda mgongoni, tai imemkimbilia begani, mkononi begi la kompyuta. Akaidaka nguzo ya mlango, mguu mmoja ndani, mwingine ukipapasa hewa. Abiria wakamvuta kwa kola huku wakimgombeza kwa huruma. Katika vuta nikuvute hiyo begi likamponyoka, likagonga ukingo wa mlango na kuruka kuelekea nje.

"Wangu!"

Mwanamke mfupi mwenye jezi ya njano alijirusha kutoka kitini, akaserereka kwa tumbo sakafuni na kulidaka begi kwa mkono mmoja, shubiri moja tu kabla halijaenda zake. Behewa zima likapiga makofi. Akainuka, akajipangusa vumbi kifuani, akamkabidhi mwenye mali.

"Asante sana, dada. Lakini begi ni la kwangu," mrefu akasema, akihema na kucheka kwa pamoja.

"Nani kabisha?"

"Si umepiga kelele 'wangu'?"

"Mazoea. Nimecheza mpira wa wavu miaka kumi na miwili. Mpira ukija unapiga kelele kwanza, wenzako wajue umeshapata mtu. Hayo si mambo ya kujimilikisha."

"Na kama lingekuponyoka?"

"Lingeniponyoka mimi. Kila mtu humu angejua limemponyoka nani." Akamkagua kuanzia viatuni kwenda juu, safari ndefu. "Na wewe, Mlingoti, urefu wote huo umeshindwa kudandia treni?"

Jina likamkaa siku hiyohiyo. Na yeye alipoambiwa kwamba uwanjani yule mwanamke alikuwa libero, yaani mchezaji wa nyuma mwenye jezi ya rangi ya peke yake, asiyeruhusiwa kushambulia, kazi yake kuokoa tu, akamwita Libero. Safari ilikuwa ya saa sita. Wakaimaliza kwa chupa moja ya chai na maneno ambayo hayakuisha.

Mlingoti alikuwa mkuu wa idara ya mifumo ya kompyuta katika kampuni inayotunza na kusambaza dawa, zile zinazotaka baridi masaa yote. Libero alikuwa ameshastaafishwa uwanjani na goti lake la kulia. Sasa alikuwa na cheti cha kompyuta alichokisomea jioni baada ya mazoezi, na barua ya kuitwa kwenye usaili. Alipoitoa barua, Mlingoti akaiona nembo ya kampuni yake, akameza chai vibaya.

"Nini tena?"

"Hamna. Nimepaliwa."

Jumatatu walipokutana chumba cha usaili, Libero alimkazia macho kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mlingoti alikuwa ameshamwambia Mama Mkurugenzi kwamba anamfahamu yule, na kwamba hatauliza swali. Hakuuliza. Kazi Libero aliipata kwa mdomo wake na vidole vyake.

"Ungeniambia kwenye treni," alimwambia koridoni.

"Ungeacha kunitania."

"Hilo usiliogope, bosi. Hata ukinilipa, siachi."

Chumba cha mitambo kilikuwa hakina dirisha. Skrini nne ukutani, meza tano, feni ya seva ikinguruma nyuma ya ukuta kutwa nzima. Tahadhari zilikuwa zikiingia kama mvua juu ya bati: diski inakaribia kujaa, mtandao wa tawi unayumba, mlango wa ghala umeachwa wazi. Mia mbili kwa siku. Watu watano walikuwa wakiziona zote, na kila mmoja alijua moyoni kwamba mwenzake anazishughulikia. Jioni Mlingoti alikuwa akibaki peke yake kuokota zilizoanguka, akijihesabu shujaa.

Siku ya tatu Libero aliegemea meza yake. "Mlingoti, nikuulize. Mpira huwa unaanguka kati ya wachezaji gani?"

"Wazembe."

"Kati ya hodari wawili. Wazembe wanajijua, mmoja atauogopa na mwingine atajitupa. Hodari wawili wanaheshimiana. Huyu anasema huyu ataufuata, yule hivyohivyo. Puu! Chini. Halafu wanatazamana."

"Hapa ni kazini, mama, si uwanjani."

"Haya. Tahadhari ya tawi la pili iliyoingia asubuhi, nani anayo?"

Mlingoti akageuka. Babu Waya, fundi mkongwe wa idara, akamtazama binti wa meza ya tatu. Binti wa meza ya tatu akamtazama Mlingoti. Libero akarudi kwenye kiti chake akipiga mluzi.

Ndivyo sheria ilivyoingia. Tahadhari ikija, mmoja anatamka kwa sauti "wangu", na jina lake linaandikwa kwenye skrini mbele ya watu. Asipotamka mtu ndani ya dakika moja, ni ya aliye mkuu wa zamu. Tahadhari zisizo na maana walizifuta moja moja kwa wiki mbili, maana Libero alisema kelele za watazamaji si maelekezo ya kocha. Na kila hitilafu ikiisha walikaa robo saa wakaipitia kama timu inavyopitia mechi iliyopotea: mpira ulitoka wapi, ukapita wapi, nani alikuwa amesimama wapi. Kuulizana mjinga ni nani ilikuwa mwiko. Babu Waya alinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kufanya kazi kwenye soko la samaki, lakini mwezi wa pili yeye ndiye alikuwa anapiga kelele kuliko wote, mpaka mhasibu wa jirani akagonga ukuta.

Na Mlingoti akaanza kutoka kazini jua likiwa bado juu. Alikuwa hajui mtu anafanya nini na jioni. Akampigia simu.

"Libero, umefika?"

"Nimefika. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilitaka kujua umefika."

"Jana pia ulitaka kujua hivyohivyo. Mpenzi, mtu akitaka kuongea na mtu anasema."

"Umeniitaje?"

"Sijakuita kitu. Mtandao unayumba."

Akakata. Mlingoti akacheka peke yake jikoni mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria.

Mwezi wa tano, Jumapili, Libero alimpeleka kwa dada yake. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko, hereni ndogo, na kitambaa kichwani alichokifunga mara tatu. Zamu ya Jumapili ilikuwa ya kushika simu tu, na ratiba ilionyesha mkuu wa zamu siku hiyo ni Libero, msaidizi Mlingoti. Walijipanga pamoja makusudi, wapate kushinda pamoja. Simu zao zilikuwa mezani, kifudifudi, kwa adabu ya ugeni.

"Shemeji, hivi ukisimama mvua inakufikia wewe kwanza?" dada mtu akauliza, na nyumba ikacheka.

Saa saba na dakika kumi na nne simu zote mbili zikatikisika. Chumba cha baridi namba mbili: joto linapanda. Wote wawili waliisoma. Papo hapo simu ya Mlingoti ikaita, mama yake mzazi; akatoka nayo kibarazani. Libero akamwona kupitia kioo, uso umekaza, mkono mmoja ukipiga hewa, akasema moyoni, ameichukua. Akaichukua simu yake akaenda jikoni kumsaidia dada. Mlingoti akageuka, akamwona anaondoka na simu mkononi kwa haraka. Akasema moyoni, ameichukua. Kumwuliza aliona ni kama kumchunga, siku kama ile, mbele ya ndugu zake.

Waliulizana saa kumi na nusu, wakishuka ngazi. Mmoja alianza, "Na kile chumba...", mwingine akasema, "Si wewe...?"

Wakakimbia. Mashine ya baridi ilikuwa imezimika. Katoni zote za insulini zilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Mkutano wa Jumatatu haukuwa wa robo saa. Maduka ya dawa yalikuwa yanapiga simu tangu alfajiri, na mzigo mwingine usingefika kabla ya Ijumaa. Mama Mkurugenzi, mwanamke wa suti ya kijivu na sauti isiyopanda, aliuliza mara moja tu: "Nani aliiona tahadhari ile?"

Ndani ya faili la Mlingoti kulikuwa na karatasi aliyoichapisha mwenyewe. Ujumbe umefunguliwa na watu wawili, dakika ileile. Alimngoja Libero aseme, ili asimtaje kabla hajajitaja. Na ukweli mwingine, aliogopa pia. Miaka tisa alikuwa anaitwa shujaa. Libero naye alimtazama, akangoja. Dakika ikapita.

"Ratiba inasema zamu ilikuwa yako," Mama Mkurugenzi akamwambia Libero.

"Ndiyo. Ilikuwa yangu."

Mlingoti alikaa kimya na faili lake. Barua ya kuachishwa kazi ilitoka palepale, na kabla ya saa sita Libero alikuwa ameshafungasha kikombe, sweta na jezi ya njano iliyokuwa ikining'inia nyuma ya kiti. Alipofika mlangoni alisema, "Kwa herini jamani," akiwaangalia wote isipokuwa mmoja.

Wiki tatu Mlingoti hakupiga simu. Alijiambia anamwachia nafasi apoe. Akakonda. Tahadhari zikaanza tena kuanguka, maana kila mtu sasa aliogopa kutamka "wangu". Walikuwa wameona inakompeleka mtu.

"Mwanangu," mama yake akamwuliza kwenye simu, "yule mfupi wetu yuko wapi?"

"Namsubiri atulie, mama."

"Yeye anasubiri nini?"

"Sijui. Labda mimi."

"Basi endeleeni. Mimi wajukuu nitawapata kwa dada yako." Akakata, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

Mlingoti alibaki ameshika simu. Ndipo alipouona mpira ule kwa macho yake: umeanguka mara tatu. Kwa shemeji, mkutanoni, na hizi wiki zote. Kila mara yeye alikuwa amesimama hatua moja kutoka ulipodondokea, mtu mwenye adabu zake.

Asubuhi aliiweka karatasi juu ya meza ya Mama Mkurugenzi.

"Hii ulikuwa nayo tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Tuliiona wote wawili. Kuikosa tulikosa wote. Kunyamaza ni kwangu mimi peke yangu."

Aliisoma mara mbili. "Unajua ukuu wa idara unauacha hapa."

"Najua."

"Na yeye nitamwandikia. Kama atakubali kurudi, sijui. Mimi nisingekubali."

Jumamosi alasiri alimkuta kwenye kiwanja cha shule, filimbi shingoni, goti limefungwa bendeji, akifundisha wasichana kumi na wawili ambao sauti zao zilisikika tangu barabarani. Mlingoti alisimama pembeni na viatu vyake vya ofisi.

"Kocha, nguzo ya wavu imetembea," msichana mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Libero hakucheka. "Umekuja kuchukua nini?"

"Nimepeleka karatasi. Ilionyesha tuliona wote. Nilikuwa nayo siku ile, mezani."

Uso wake ulibadilika, na si kwa upole. "Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mimi nilidhani huna cha kusema. Kumbe ulikuwa nacho kwenye faili." Akavuta pumzi. "Nilikupa dakika nzima pale. Kazi sikuijali, kazi zipo. Nilikuwa nangoja sauti yako."

"Na mimi nilikuwa nangoja yako."

"Ndiyo ujinga wetu huo. Lakini wako ulikuwa na karatasi."

"Wangu ulikuwa na karatasi," Mlingoti akakubali.

Libero akaelekeza kidole kiwanjani. "Vua viatu. Simama pale, kushoto kwangu. Wewe, anzisha. Tupia katikati yetu."

Mpira ukavuka wavu. Libero hakufungua mdomo. Mlingoti akasita, akamtazama. Puu. Chini. Wasichana wakazomea.

"Tena," kocha akasema.

Wa pili ulikuja kwa kasi zaidi. "Wangu!" Mlingoti akapiga ukelele uliowarusha ndege paani, akajitupa kwa urefu wake wote kama mti uliokatwa, akaukosa, akachubuka kiwiko na kidevu. Mpira ukaviringika mpaka kwenye uzio.

"Umeukosa," Libero akasema, amemsimamia juu ya kichwa.

"Nimeukosa mimi. Wote hawa wameona." Hakuinuka. Alitema mchanga. "Na nikiwa hapahapa chini niseme na jingine, nisije nikangoja tena. Nataka kukuoa. Usiponitaka, nitakuwa nimekukosa mimi, na hawa mashahidi."

Msichana aliyekwenda kuuokota mpira akaukumbatia.

"Kocha, jibu bwana! Dakika inaisha!"

Libero alimpa mkono, akamvuta juu. Ikachukua muda, maana kulikuwa na mtu mwingi wa kuvuta. Akampangusa mchanga kidevuni kwa pindo la jezi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Jumapili, kwa dada," akasema. "Uje na mama yako. Na simu zote mezani, uso juu."

Walioana mwaka uliofuata. Libero hakurudi kwenye kampuni ile; alipata kazi ya mifumo katika hospitali, na wasichana wake walishika nafasi ya nne katika mashindano ya shule. Mlingoti alibaki fundi wa zamu chini ya mkuu mpya, na ukuu hakurudishiwa. Insulini iliyoharibika iliteketezwa. Mzigo mwingine ulifika Ijumaa. Kabla haujafika, mzee mmoja alilazwa siku sita kwa kuikosa dawa, akapona, na Mlingoti alikwenda kumwona na kumweleza. Mama Mkurugenzi alihamishiwa tawi jingine. Babu Waya alistaafu, sauti imemkauka. Goti la Libero lilipasuliwa mara mbili. Sheria ya dakika moja ingali imebandikwa ukutani, na chini yake majina mawili yaliyoandikwa kwa kalamu, la mfupi na la mrefu.