Jini Aliyesingiziwa

Testa iliwaka kwenye mwiko wa mbao. Mkaguzi aliugusa kwa mzaha tu, kama alivyozoea kugusa kila kitu akisubiri chai jikoni, na kile kijitaa ndani ya mpini wa testa kikawaka kama kinavyowaka kikikutana na waya wenye umeme. Mbao kavu haina umeme. Hilo hata wanawe walilijua. Akaifuta testa kwenye shati, akajaribu tena, ikawaka tena. Mkewe akamuuliza ana ugomvi gani na mwiko wake. Akasema hana, akanywa chai bila kuisikia ladha.

Kazi yake ilikuwa kukagua umeme wa nyumba za kupanga kabla watu hawajahamia. Alikuwa makini, tusimwonee, isipokuwa siku alipokwenda kukagua nyumba ya kupangisha ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Kule alipokelewa kishemeji. Alikalishwa kwenye kochi, akalishwa akashiba, na kila alipotaka kuinuka aende bafuni akaambiwa yeye ni wa nyumbani, atakagua nini kwa ndugu yake. Akapima soketi moja, ile iliyokuwa karibu na kochi, akaipitisha nyumba nzima.

Kumbe hita ya bafuni ilikuwa inavujisha umeme kwenye bomba, na waya wa ethi, ule unaoushusha umeme ardhini usimrukie mtu, ulikuwa umekatika. Mpangaji mmoja, fundi cherehani waliyemwita Mama Pindo, alishika bomba asubuhi akatupwa ukutani. Alipona, ila vidole vya mkono wake wa kulia havikukubali tena kushika sindano. Mkaguzi akaitwa aangalie, na kasoro akaiona mara moja. Lakini wapangaji walikuwa wamejaa uani wanamtazama, na shemeji akimkazia macho kuliko wote. Akajisikia akisema kwamba umeme hauna tatizo, labda pale bafuni pana mwenyewe.

Basi ikawa hivyo. Bafu likapigwa kufuli, na Mama Pindo akawa mwanamke aliyechezewa na jini. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao wakisimama nje ya mlango, na majirani wakawaita watoto wao ndani kila alipopita. Mkaguzi alijiambia atarudi kimyakimya kuutengeneza ule waya. Hakurudi. Aliona aibu, na aibu ile ilimkaa kifuani kama chakula kilicholala.

Baada ya mwiko, testa iliwaka kwenye mkate, kisha kwenye mto wa kulalia. Nyumba yake ikaanza kunuka waya ulioungua, ingawa alifungua kila swichi na hakuona hata alama ya moshi. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima, na katika ukimya ule akasikia mvumo ndani ya ukuta, mdogo, wa kubembeleza, akaufuata kwa kiganja kutoka jikoni hadi ukumbini na kutoka ukumbini hadi chumbani, ukizidi kupata joto kila alipousogelea, mpaka akamkuta mkewe amempa mgongo anakunja nguo gizani bila kupapasa, na testa mfukoni mwake ikawaka yenyewe, isiguse kitu.

"Mimi sijamgusa yule mwanamke," mkewe akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima aliyevunjiwa heshima.

"Mama watoto," mkaguzi alinong'ona, "unasema na nani?"

"Mahali pale nilikaa kabla hapajajengwa. Sijamdhuru mtu. Umenisingizia mbele za watu. Nenda kanisafishe mbele ya watu hao hao."

"Nikisema, sina kazi tena."

"Usiposema, nitakuwa vile vile ulivyonitangaza."

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Alipogeuka alikuwa yeye, akamuuliza mbona analia.

Asubuhi alibeba vifaa vyake akaenda. Alikuta uani pamejaa. Shemeji alikuwa amemleta mganga, na mganga ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kumwombea Mama Pindo. Kufuli la bafu lilikuwa limeshatolewa. Mkaguzi alisimama katikati yao akasema yote: kochi, soketi moja, waya uliokatika, uongo wake. Akasema hakuna jini aliyemdhuru mtu, ni yeye. Akaomba kisanduku cha swichi kuu kifunguliwe azime umeme kabla mtu hajaingia bafuni.

Mama Pindo alimtazama kwa tumaini, kwa muda mfupi sana.

"Mnasikia?" mganga akasema. "Ametoka kwa mama, amempanda huyu."

Wanaume wakamkamata wakamlaza chini. Shemeji ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kisanduku, na ndiye aliyeinama kumshika kichwa. "Tulia, shemeji," alimwambia sikioni. "Ukipoteza kazi, dada yangu atakula nini?" Kisha akanyanyuka akawatangazia wapangaji kwamba bafu sasa ni salama.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama Pindo akachukua ndoo. Alitaka watu waone kwamba amepona, wateja warudishe vitambaa vyao, majirani waache kuwaita watoto ndani. Mkaguzi alipiga kelele asiende, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumkandamiza, kwa kuwa jini, walisema, ndivyo linavyofanya likifukuzwa.

Ndipo sauti ikatoka bafuni, kwenye ukuta, na wote waliisikia. Ilikuwa ya upole na ilitetemeka.

"Usishike, mama. Nakuomba. Usishike."

Lakini mganga alikuwa amemwonya Mama Pindo kwamba jini litamwita, na kwamba asilisikilize. Akaweka ndoo chini ya bomba, akanyoosha mkono.